Karanga Zenye Kukataliwa

Pale kambi ya wakimbizi ya Mantapala, Zambia, Mama Clotilde alikuwa anamenya karanga mbio mpaka kuku wanakimbilia ndani, wakizani ni mvua ya mawe. Siri yake ilikuwa maji. Wenzake walivunja maganda makavu mpaka vidole vikachubuka. Yeye alizinyunyizia maji jioni, na asubuhi ganda likafunguka lenyewe, kama mulango wa jirani mwenye kupenda habari. Mwaka huu alijaza magunia manne. Yote yalikuwa ya kununua mabati, maana misimu miwili ya mvua alilala chini ya turubai.

Didier, mutu wa kampuni yenye kupeleka karanga Ulaya, akafika na kipimo chake. Akasaga konzi moja, akachovya kikaratasi, akatikisa kichwa. Akamueleza kwamba yale maji yanazaa kuvu, na kuvu inaacha sumu ya kula maini polepole, jicho haliioni. Sheria ya Ulaya inakataa hata ikiwa kidogo kama chembe chache za chumvi ndani ya gunia zima.

Clotilde alicheka kwanza. Yeye aliyempiga mamba wa ziwa Mweru kofi ya pua akaachiwa ndoo yake, leo aogope maji ya kisima? Akauliza basi azipeleke wapi.

"Uza hapa hapa, mama. Soko la Puta, la Chienge. Huku hakuna mwenye kupima."

Kicheko kikamukauka mudomoni. "Watoto wa kule wasizile, wa huku wazile?"

Didier akasema sheria hakuiandika yeye. Akawasha pikipiki, akaenda.

Clotilde akabaki amesimama kama mutu aliyemwagiwa maji ya baridi. Mujukuu wake Chouchou alikula uji wa karanga hizo tangu aote meno.

Hata mate hajameza, akafika Pierrette, mwanamuke mwenye kuvusha vitu ziwani kwenda Congo. Kwacha mukononi, anataka magunia yote leo leo. Pesa ile ilitosha mabati, na misumari juu.

Clotilde akamuambia zina sumu. Pierrette akacheka mpaka akashika kiuno.

"Sema tu umewawekea wazungu, dada."

"Wazungu ndio wamezikataa."

"Basi ni zetu."

Akashika pembe ya gunia, akavuta. Clotilde akalikalia gunia. Pierrette akavuta tena kwa nguvu zote. Gunia likasogea na mama juu yake, likapita jiko, likafika njiani, naye hajashuka.