Fimbo ya Kupimia Mtutu

Ukitaka kushonewa pazia na Wilkister Aketch pale Kware, nenda na subira. Atakuja kwako na utepe, apime dirisha, aandike, apime tena, kisha arudie mara ya tatu huku chai yako ikipoa mkononi. Ukimwambia nyumba zote za ploti zilijengwa na fundi mmoja, aandike tu kipimo cha jirani, atakukazia macho mpaka ujute kufungua mdomo. Wateja humwita mama wa kisirani. Kisirani anacho, hilo halina ubishi. Ila hakuzaliwa nacho, na mahali alipokitoa panajulikana.

Babake alikuwa seremala kule Yala, mtu wa kurudisha kabati zima kwa sababu mlango umepotoka upana wa unywele. Wilkister alipopata kazi Kajiado mwaka wa 1989, karani raia katika ofisi ya polisi, mzee alimpa fimbo nyembamba ya mti mgumu, iliyopigwa randa vizuri na kuchongwa alama za inchi toka ncha hadi ncha. Alimwambia kipimo hakina mjomba wala shangazi. Binti akacheka, akaipakia kwenye sanduku.

Kumbe fimbo ilikuwa na kazi inayoingoja. Wilkister aliwekwa kwenye rejista ya bunduki za raia. Kila Desemba, wenye leseni walileta bunduki zao zikaguliwe ndipo leseni zifanywe upya. Fomu ilikuwa na nafasi mbili: urefu wa bunduki nzima, na urefu wa mtutu peke yake. Hiyo ya pili ndiyo yenye maana, maana mtu anayekata mtutu wa bunduki hataki kuwinda paa. Anataka kuficha. Basi bunduki nzima Wilkister aliipima kwa utepe, na mtutu akaupima kwa fimbo ya babake. Alihakikisha kwanza hakuna risasi ndani, akaitumbukiza fimbo mpaka igote mwisho, akabana kwa ukucha wa kidole gumba pale mtutu unapoishia, akaichomoa na kusoma.

Wenye bunduki hawakumpenda. Walikuwa watu wa mashamba na biashara kubwa, na kungojeshwa kwenye benchi na mwanamke mwenye fimbo kuliwachoma roho. Yeye naye hakuwapenda hata kidogo. Aliwaona watu wanaotembea wakiwa wamejaa, kana kwamba leseni ile imewaongezea kimo.

Mmoja wao alikuwa mwenye nyumba wake. Mzee Githongo alikuwa na ng'ombe wa maziwa na vyumba kumi na viwili vya kupanga Kitengela, na kisima cha kuchimbwa kwa mashine. Wakati ule maji ya Kitengela yalikuwa dhahabu, na mengine yalikuwa ya chumvi hata sabuni haitoi povu. Ya Githongo yalikuwa matamu. Wapangaji walifunguliwa mfereji Jumatano na Jumamosi. Wilkister peke yake alipewa ufunguo wa mfereji. Alikuwa na watoto wawili, Melvin na Cindy, na mumewe Odero alifanya kazi Nakuru, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Hakujiuliza sana kwa nini ufunguo umekuja kwake. Ukipewa maji Kitengela, unakunywa.

Desemba ya 1999, Githongo alileta bunduki yake ya marisau ikiwa na kitako kipya, kirefu, kilichofungwa kwa skrubu moja nene. Alisema ameanguka, bega limeharibika, na daktari amemshauri atumie kitako cha namna hiyo. Wilkister akaweka utepe. Bunduki nzima ilikuwa inchi arobaini na tano, sawasawa na mwaka uliotangulia. Akageuka kutazama fimbo nyuma ya mlango.

"Huo mtutu andika tu kama mwaka jana, Mama Melvin," Githongo alisema. "Niko na fundi wa pampu ananingoja huko nyumbani. Ama hamtaki maji?"

Wilkister aliketi akaandika ishirini na nane, kama mwaka jana.

Asidanganye mtu kwamba hakuona. Aliona. Ile nundu ndogo ya kulengea haikuwako tena mwishoni mwa mtutu, na chuma pale kilikuwa cheupe, kimepigwa tupa karibuni. Aliona, akapiga muhuri.

Aprili iliyofuata ukame ulikuwa umeshika Kajiado yote. Ng'ombe wa Meitamei, kijana wa boma lililopakana na shamba la Githongo, waliingia kupitia ua uliovunjika. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka. Githongo alikuja kwa miguu, amevaa koti lake refu, mikono ndani. Meitamei alisimama amngoje wazungumze, kama majirani wanavyozungumza habari ya ng'ombe na fidia. Alipigwa risasi kifuani akiwa amesimama hivyo hivyo, akafa.

Mke wa Meitamei aliitwa Naipanoi. Ndiye aliyemletea Wilkister maziwa kila asubuhi kwa miaka mitano, na ndiye aliyemfundisha kusalimia kwa Kimaasai. Wilkister alikuwa akifungua mlango anasema, "Takwenya," na Naipanoi anaitika, "Iko," kabla hata hajashusha kibuyu.

Kesi ya uchunguzi wa kifo hicho ilisikizwa Agosti. Wachungaji wawili wa ng'ombe walioshuhudia walieleza kwamba bunduki ilitoka chini ya koti, na kwamba Meitamei angeiona mapema angekimbia, hakuwa mjinga. Githongo alisema aliibeba begani, wazi, na yule kijana akamjia na mkuki. Wakili wake akainua karatasi. Bunduki hii, alisema, ina mtutu wa inchi ishirini na nane, imepimwa na karani wa serikali. Koti gani linaficha kitu kama hicho? Bunduki ikawekwa mezani na kitako chake kirefu, ikapimwa kwa utepe, ikatoka arobaini na tano kama karatasi ilivyosema. Mtutu hakuna aliyeupima. Karatasi ilikuwa na muhuri, na jina la Wilkister Aketch likasomwa kwa sauti. Wachungaji wakaonekana waongo, Githongo akarudishiwa bunduki yake.

Wilkister hakuwa kortini. Alizipata habari jioni, na asubuhi ya pili maziwa hayakuja. Siku ya nne alikutana na Naipanoi njiani.

"Takwenya," alisema.

Naipanoi alipita. Kwa Wamaasai kuinyima salamu jibu si jambo dogo, na Wilkister alikuwa amekaa Kajiado miaka ya kutosha kulijua hilo.

Angeweza kusema siku hiyo hiyo. Hakusema. Aliogopa kupoteza kazi yake, vyumba vyake viwili na mfereji, akaogopa zaidi kuulizwa ilikuwaje. Alinyamaza Septemba, akanyamaza Oktoba. Kila alipochota maji alijichukia, na bado alichota. Desemba ilipofika ndipo alipoanza ukali ule. Aliwapima watu bunduki mara tatu tatu, akawarudisha wengine kwa kosa la nusu inchi, akagombana na kila mtu, ila yule aliyestahili hakuwa amerudi bado.

Alirudi wiki ya pili. Inspekta, mkubwa wa ofisi, alikuwa meza ya pili akisoma gazeti. Githongo aliweka bunduki mezani kwa Wilkister, akabaki na koti lake.

"Kama mwaka jana," alisema.

Wilkister aliinuka akaenda nyuma ya mlango akachukua fimbo.

"Mama Melvin, funguo ya maji iko kwa nani?"

"Iko kwangu, mzee."

"Sasa si uketi."

Hakuketi. Alihakikisha bunduki haina kitu, akatumbukiza fimbo, ikagota. Akabana kwa ukucha, akachomoa. Kumi na nane. Akapima tena. Kumi na nane. Ya tatu alimwita Inspekta aje asome mwenyewe, kisha akatoa shilingi kwenye kibeti, akafungua ile skrubu ya kitako. Kipande kirefu cha mbao, kilichofidia inchi kumi zilizokatwa mtutuni, kilimbaki mkononi. Mezani kilibaki kitu kifupi chenye mahali pa kushika tu.

"Vaa hii ndani ya koti yako, mzee," Wilkister alisema. "Tuone kama itaonekana."

Githongo hakumtazama, alimtazama Inspekta. "Huyu mwanamke ndiye alipima mwaka jana. Hiyo ni mkono yake. Kama mimi ni mbaya, yeye ni nini?"

Hapo alisema kweli. Inspekta akafungua rejista, akaweka kidole kwenye ishirini na nane. "Wilkister, ulipima hii?"

"Sikupima. Nilinakili."

"Unajua ukiniambia hivyo mimi sina la kufanya? Hii kazi umeimaliza mwenyewe."

"Najua."

Aliketi akaandika yote: kumi na nane, tarehe, na chini yake kwamba mwaka uliopita hakupima, na sababu. Hata habari ya ufunguo aliiandika.

Bunduki ilizuiliwa na faili ya Meitamei ikafunguliwa tena. Wilkister alipewa barua ya kusimamishwa kazi kabla ya Krismasi. Alipofika Kitengela, vitanda vya watoto vilikuwa nje kwenye vumbi, na mfereji una kufuli jipya. Wapangaji wenzake walichungulia madirishani, hakuna aliyemshikia hata sufuria. Ule upendeleo wa ufunguo walikuwa wamemwekea moyoni muda mrefu. Alipakia vitu kwenye mkokoteni, akampigia Odero simu, akaambiwa kuna binamu yake anakaa Kware.

Kabla ya kuhama alikwenda kwa Naipanoi. Ofisi ilikuwa imempa vitu vyake kwenye mfuko wa gunia, na fimbo ilikuwa imechomoza juu. Naipanoi alikuwa mlangoni mwa zizi na kibuyu chake, na habari alikuwa ameshazipata kwa wachungaji.

"Takwenya," Wilkister alisema.

Naipanoi hakuitika. Alinyoosha mkono, akachomoa fimbo kwenye gunia, akaipitisha vidoleni juu ya zile alama.

"Ni hii ulipima nayo?"

"Ni hiyo."

"Hiyo mwaka ingine ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Na wewe?"

"Nilikuwa kwa kiti."

Ng'ombe mmoja alikuwa akimlilia ndama wake, na Naipanoi akangoja anyamaze.

"Kutoka kwa kiti mpaka kwa mlango ni hatua ngapi?"

Wilkister alikuwa amekwisha kuzihesabu, siku nyingi.

"Tatu," alisema.

Naipanoi alimrudishia fimbo, akaingia kukama.