Chai kwa Kielvi

Gwenda Ackroyd, mwenye saluni ya nywele hapa kwetu Skipton, mji mdogo wa Uingereza, alikuwa anakwenda kwenye kikundi cha kufuma sweta. Akakosea mlango. Ukumbi alioingia, juu ya baa, ulijaa watu wakibishana kwa lugha asiyoijua hata neno. Lakini nje mvua ilikuwa ya ndoo, na ndani moto unawaka. Akaketi na nyuzi zake mapajani.

Hao walikuwa watu wa Kielvi. Waelvi ni viumbe wa hadithi, wana masikio yaliyochongoka na hawazeeki, na kilabu hicho kilikuwa kimewabunia lugha yao kuanzia kwenye mizizi. Sheria ilikuwa moja: hakuna neno jipya lisilotoka kwenye mzizi, kama sisi tunavyopata mpishi na mapishi katika pika.

"Chai mnaiitaje?" Gwenda akauliza.

"Waelvi hawanywi chai," akajibu Alwyn Thwaite, msoma mita za gesi, mlinzi mkali wa sheria hiyo.

"Ndiyo maana wanashinda msituni wakiimba nyimbo za huzuni."

Watu wakaangua kicheko, Alwyn kanuna. Gwenda akadadisi mizizi, akaambiwa *hesk* ni joto na *ovi* ni jani.

"Basi chai ni *heskovi*. Kazi iko wapi?"

"Haifai, bibie. *Hesk* ni joto la kiumbe hai tu."

"Wewe hujanywa chai yangu."

Wiki iliyofuata akaja na birika. Alwyn akanywa, akasogeza kikombe aongezwe. Neno likapita.

Kufuma kukafia hapo. Mimi mwenyewe nilikatwa nywele upogo siku Gwenda alipopata ghafla neno la mkasi. Kila neno alilolileta, Alwyn alilipinga. Naye Gwenda hakosi lingine. Walibishana hata mwenye baa akawauliza wameoana lini.

Majira ya kuchipua, mchana kweupe, Alwyn akaingia saluni, kofia mkononi.

"Gwenda, nimeunda neno. Linatoka kwenye *hesk*. *Heskena*: mtu wa kunitia joto nyumbani. Nataka uwe wewe."

Mtu akazima mashine ya kukaushia nywele asikose jibu.

"Alwyn, kiambishi *-na* ni cha wingi. Unataka wake wangapi?"

Alwyn akaiva uso mpaka masikioni. "*Heskeni*, basi?"

"Hapo sawa. Mmoja. Nimekubali."

Harusini mama yake Alwyn alisusa hotuba ya Kielvi, akidai anasengenywa. Gwenda akamvuta pembeni, akamfundisha tusi moja tamu la lugha hiyo, wakapatana.

Siku hizi wana mbwa asiyejua Kiingereza. Alasiri utamsikia Gwenda kando ya mfereji akimwita kwa Kielvi, Alwyn akimsahihisha matamshi, na mbwa mwenyewe huyoo, kawafuata mabata majini.