Bega la Jenerali

Kwa miaka saba nimekuwa nikiandika tasnifu kuhusu jenerali mmoja wa Prusia ya Wajerumani, kamanda wa askari wapanda farasi wa karne ya kumi na tisa. Mimi mwenyewe farasi namwogopa. Wale wa polisi wakipita, navuka barabara. Lakini niulize jenerali alianguka mara ngapi mafunzoni, bega lilimuumia vipi, nani alimcheleweshea cheo na kwa nini. Nitakujibu mpaka ujute kuuliza. Ndugu zangu wa London walikwisha kujuta zamani.

Kaka yangu alipofariki, shemeji alinikabidhi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu na kuusoma kanisani kwao, mtaa wa Peckham, London. Nani mwingine? Msomi ni mimi, na kazi yangu ni kuandika maisha ya watu. Nikakubali kwa sauti nzito ya kitaalamu.

Nilipokaa kuandika, nikakwama mstari wa tatu. Kaka alizaliwa, akasoma, akaja London akaendesha basi. Alipewa lini usimamizi wa zamu? Sikujua. Alipenda nini? Nilijua alipenda kunipikia mimi. Kumpigia shemeji simu nimuulize habari za mtu niliyezaliwa naye tumbo moja, niliona aibu. Basi nikafanya ujanja: nikafungua sura ya kwanza ya jenerali, nikaigeuza. Kambi ikawa kituo cha mabasi, kikosi kikawa zamu, farasi na Prusia nikawafuta kila nilipowaona.

Si kila kitu nilikifuta. Jumamosi, mbele ya kanisa lililojaa, nikajisikia nikisoma kwamba marehemu aliumia bega, akavumilia maumivu yale miaka mingi bila kulalamika. Lilikuwa bega la jenerali. Kurudi nyuma nisingeweza, nikasoma mpaka mwisho, nikakaa nikingoja kuumbuka. Hakuna aliyecheka. Nikamshukuru Mungu kwa upole wa waombolezaji.

Ukumbini, wakati wa chakula, shemeji akaja akanishika mkono. Nikaandaa uongo mdogo wa kuisingizia kompyuta.

"Ahsante kwa kulitaja bega," alisema. "Nilidhani hujui. Alinikataza nisikwambie."

Nikamuuliza kwa nini alimkataza.

"Si aliumia siku ile ulipohamia kwenye fleti yako? Lifti mbovu, akabeba maboksi yako ya vitabu mpaka ghorofa ya tano. Alisema ukijua, utaona haya kumwita tena."

Siku ile naikumbuka vizuri. Nilitangulia mikono mitupu, nikimweleza kaka, ngazi kwa ngazi, jinsi jenerali alivyolivumilia bega lake.