Mji Ambao Ndugu Yangu Hakuukanyaga

Watu wa kwetu hatujui kupiga picha ya bahari, na sioni aibu kulisema hilo. Mtu aliyezaliwa pande za Kiriaini, ambako hata choo kimejengwa kwenye mteremko, macho yake hayajazoea kitu kilicholala sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana ndugu yangu, kitinda mimba wetu, alipopata kazi ya ubaharia na kuanza kunitumia picha za bandari kwa simu, zote zilikuwa zimepinda. Minara ya miji ya watu imeegemea upande kama walevi wa Jumamosi. Nikampigia.

"Wewe! Hiyo bahari yako itamwagika. Shika simu vizuri, maji ilale kama uji kwa sufuria."

"Mimi naona iko sawa, sista."

"Haiko sawa. Kati yangu na wewe nani ako na studio?"

Studio yangu iko Nyeri mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya kinyozi mmoja mwenye redio ya kelele. Napiga picha za pasipoti na za harusi, lakini kinachonilisha hasa ni matanga. Mtu akifariki huku kwetu, familia ikitoka mochari inakuja kwangu. Wanachagua picha moja ambayo marehemu amependeza, na kwa kawaida ni ya harusi ya mtu mwingine, kwa hivyo mimi namkata kutoka katikati ya wale aliosimama nao. Kisha namwekea nyuma mbingu ya bluu yenye mawingu meupe, nachapa programu ya mazishi na bango la kufunga kwenye gari. Kutoka Othaya hadi Karatina kila mtu anaijua hiyo mbingu. Ukimwona jirani yako amesimama kwenye mawingu, unatafuta leso.

Basi nikawa mwalimu wake. Nilimfundisha kupiga asubuhi mapema, kabla joto la huko halijafanya mji uonekane kama umefunikwa na vumbi. Nilimwambia aweke kitu cha karibu kwenye picha, kamba au chuma cha ukingo wa meli, ili anayetazama ajue mji uko mbali kiasi gani. Nikamwambia jioni asubiri taa za mji ziwake lakini asiache mbingu iwe nyeusi kabisa. Alishika haraka, na picha zikaanza kuwa nzuri mpaka nikaona wivu. Kulikuwa na moja yenye kreni za bandarini zimejipanga alfajiri, maji yametulia, na kila kreni iko mara mbili, juu na chini. Niliitazama hiyo picha nikasahau chai yangu mpaka ikapoa.

Mama yetu anaishi Kiriaini na majani chai yake. Kila picha nilimchapia kubwa, akaitundika sebuleni, kitambaa cha kufuma juu yake, akimwambia kila anayeingia jina la mji kama alivyotajiwa na mwanawe. Akina mama wa kikundi chake cha kanisa walipomtembelea walipitishwa ukutani mmoja mmoja kabla ya kupewa chai. "Huyu ni wangu amefika hapa. Na hapa. Na hapa pia." Mimi nilikuwa nacheka. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha kweli.

Niligundua siku moja nikisafisha picha tatu ili nizichape pamoja. Zilikuwa na majina ya miji mitatu. Katika kila moja, nyuma ya kreni, kulikuwa na jengo ambalo bado linajengwa. Kwenye ya kwanza lilikuwa limefika karibu na paa la jengo la kando yake. Kwenye ya pili limelipita. Kwenye ya tatu limewekewa vioo nusu. Nikavuta karibu. Mafundi ni wale wale, kioski cha mabati pale chini ni kile kile. Upande ulikuwa unabadilika, mara mji uko kushoto, mara kulia, na nilikuja kuelezwa baadaye kwamba meli iliyotiwa nanga huzunguka yenyewe upepo ukigeuka. Lakini mji ulikuwa mmoja. Jengo zima lilikuwa limepanda huku ndugu yangu amesimama mahali pamoja akilipiga picha.

Nikampigia nikamwambia, "Usinidanganye. Uko wapi?"

Akaanza kulia, mwanamume wa ndevu. Mwenye meli alikuwa ameingia mitini. Hakuna mafuta, hakuna mshahara, na bandari haikubali meli ibaki bila watu, kwa hivyo waliobaki hawawezi kushuka. Pasipoti zilikuwa zimechukuliwa na wakubwa wa bandari. Watu fulani wa kujitolea walikuwa wakiwaletea maji na mchele kwa mashua, wakikumbuka. Umeme ulikuwa unawashwa kidogo jioni, wote wanang'ang'ania kuchaji simu, siku nyingine hauwashwi kabisa.

"Naona watu wakitembea kule, sista. Naona mpaka rangi ya magari. Usiku nasikia muziki ya harusi. Na siwezi kufika."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Na tafadhali, Maitu, mama yetu, asijue. Unajua presha yake."

Nilifanya nini? Wacha niseme nilichofanya, maana watu wanapenda kuuliza. Nilienda Nairobi kwa yule wakala aliyempeleka, nikakuta mlango wake sasa ni saluni, na msichana wa hapo akaniuliza kama nataka kusuka. Nilienda ofisi moja ya serikali, wakanituma nyingine, na ile nyingine ikanirudisha kwa ile ya kwanza. Nilimvizia msaidizi wa mheshimiwa mmoja nje ya kanisa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Hiyo maneno tuko nayo." Tuko nayo! Kama mtu aliyebeba gunia. Nilipompigia tena hakushika, na mpaka leo hashiki. Kila nikitoka kwenye ofisi hizo nilikuwa nimejaa hasira, halafu sina pa kuipeleka, narudi Nyeri kukata marehemu.

Wakati huo wote picha ziliendelea kuja, nzuri kuliko mwanzo, na mimi naendelea kumchapia mama. Ndugu yangu alikuwa anapiga kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Aliniambia akiinua simu kupanga picha, kwa dakika hizo anasahau njaa. Ningewezaje kumwambia aache?

Tatizo lilikuja na mama mwenyewe. Siku moja alikuwa amesimama mbele ya ukuta wake, mikono nyuma.

"Hizi zote ni maji na nyumba za mbali," akasema. "Kwani yeye hashuki? Mwambie anitumie moja amekanyaga chini. Nione viatu yake."

"Ako na kazi mingi, Maitu."

"Kazi gani haina Jumapili? Wamama wanakuja mwezi ujao. Nataka moja amekanyaga chini."

Nikampa ndugu yangu ujumbe huo. Alikaa siku kadhaa, kisha akanitumia picha aliyopigwa na mwenzake, amesimama kwenye sitaha ya meli, amevaa shati safi. Akaandika: "Nitengenezee. Wewe unaweza."

Naweza, ndiyo. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nilichukua moja ya picha zake za bandari, ile iliyoonyesha njia ya kutembelea kando ya maji, yenye viti na mitende, nikakusudia kumsimamisha hapo kama mtu aliyetoka matembezi. Kwanza nikamkata kutoka kwenye meli. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati imesimama peke yake, nikamnenepesha shingo kidogo. Halafu, kama ninavyofanya siku zote ili nione kama ukingo wa nywele umekaa vizuri, nikamwekea nyuma rangi iliyokuwa karibu. Na kwenye kompyuta yangu rangi iliyo karibu siku zote ni ile mbingu.

Mama alikuwa amekuja Nyeri kliniki ya presha. Huwa ananipigia simu nishuke nimchukue chini. Siku hiyo hakunipigia, akapanda ngazi mwenyewe, kiondo begani, ameniletea ndizi. Niliposikia mlango nikageuka, lakini nikiwa nimechelewa.

Mwanawe alikuwa amesimama kwenye mawingu.

Sijawahi kusikia sauti ile na sitaki kuisikia tena. Kinyozi alizima redio. Watu walipanda ngazi mbio, mmoja bado ana sabuni shavuni. Mama alikuwa ameketi sakafuni, ndizi zimetapakaa, ananionyesha kwa kidole.

"Ulikuwa unanificha! Tangu lini? Amekufa tangu lini?"

"Hajakufa! Maitu, hajakufa, ni picha tu natengeneza!"

"Hiyo picha najua. Nyeri yote inajua hiyo picha. Usinifanye mimi mjinga!"

Nikashika simu kumpigia. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, na tena, mbele ya wale watu wote, na yule mwanamke wa kwenye simu akijibu kwa sauti yake tamu, na kila akijibu, uso wa mama unazidi kufungika. Nikamweleza ukweli wote pale pale, meli, nanga, umeme, pasipoti. Nilikuwa nimechelewa. Mtu aliyekwisha kukamatwa anaficha, nani atamwamini akianza kusema? Nikamwonyesha picha aliyotuma wiki hiyo hiyo. Hata hakuitazama.

"Wewe ndiye unatengeneza," akasema.

Tulipofika Kiriaini, habari zilikuwa zimetutangulia. Viti vya plastiki tayari uani, kuni zimeletwa, sufuria kubwa za kanisa ziko motoni. Nilisimama mlangoni nikapaza sauti kwamba ndugu yangu ni mzima, kwamba simu yake haina chaji, kwamba waende nyumbani kwao. Mwenyekiti wa kikundi, mama mwenye huruma nyingi, akanikumbatia kwa nguvu.

"Lia tu, mama. Kukubali ni pole pole."

"Hajafa!"

"Ndiyo. Ndiyo. Ngoja tukuletee chai."

Aki, nilitaka kumpiga mtu. Nilikuwa namtetea mtu hai nyumbani kwao na hakuna aliyekuwa upande wangu. Waliimba. Waliomba. Mmoja aliniuliza kwa upole mwili unaletwa lini, na kama nimeshaanza programu. Mama alikuwa ameketi chini ya ule ukuta wa bandari, shuka mabegani, hatazami picha hata moja. Nilimpa dawa zake, akazishika mkononi bila kumeza. Hapo ndipo niliogopa kweli, kwamba kabla ndugu yangu hajapata umeme nitakuwa nimemuua mama kwa msiba wa mtu ambaye hajafa.

Simu ililia kesho yake mchana, namba ndefu ambayo siijui. Nilibonyeza sauti kubwa kabla hata sijasema halo.

"Sista? Nimeomba simu ya hawa watu wa mashua. Niko na dakika kidogo tu, skiza—"

Nikapiga magoti mbele ya mama, nikamwekea simu karibu na mdomo.

"Ni nani?" mama akauliza.

"Ni mimi, Maitu. Kwani uko Nyeri?"

"Uko chini ama uko kwa maji?"

Nilijua angeweza kudanganya, alikuwa na mazoezi ya kutosha.

"Niko kwa maji, Maitu," akasema. "Sijawahi shuka. Maitu, niko na njaa."

Mama akafunika mdomo. Akafungua shuka, akasimama wima, akawaambia wamama, "Ni yeye." Na nyumba nzima ikalipuka. Walipiga vigelegele vile vitano vya mtoto wa kiume aliyezaliwa, kimoja baada ya kingine, na wale wa uani wakavidaka, na wa barabarani wakaitikia, na watu wanakumbatiana, mchungaji anaruka. Ndani ya kelele hiyo ndugu yangu alikuwa bado anaongea. Nilikuwa nimeweka simu sikioni kwa nguvu mpaka linauma. Nilisikia "karatasi". Nilisikia "wameniambia mtu wa nyumbani aende". Aende wapi? Nikapiga kelele nyamazeni, nyamazeni tafadhali, na wakadhani nashangilia, wakaongeza. Nilipotoka nje nikakimbia mpaka kwenye majani chai, simu ilikuwa imekatika. Nikairudia ile namba. Haikupokelewa, wala haijapokelewa tangu siku hiyo.

Niliporudi ndani walikuwa wanapakua chakula cha matanga, sasa ni cha shukrani. Mama alikuwa amemeza dawa. Alikuwa ameketi sawasawa, uso umemrudi, akanivuta mkono nikainama.

"Alisema nini mwisho?"

"Sikusikia, Maitu."

Akanitazama bila hasira yoyote, vile unavyomtazama mtu unayejua anaweza.

"Haya. Ako hai," akasema. "Sasa mtoe huko."

Wamama wote waligeuka wakanitazama pia, wakitabasamu, wakingoja niseme nitafanyaje. Nikachukua birika mezani nikaanza kuwamiminia chai.