Kilomita Thelathini za Ubishi

Dada yangu hapigi simu mapokezi. Atakwambia mwenyewe, bila kuona haya, kwamba mtu wa mapokezi amefundishwa kusema ndiyo. Bwawa lipo? Lipo. Chaji ya gari je? Ipo, karibuni sana. Yeye huomba kuongea na fundi umeme wa hoteli, asipokuwepo basi mlinzi wa maegesho, kisha anamhoji kama hakimu: gari la mwisho kuchajiwa hapo lilikuja lini? Lilikuwa la rangi gani? Swichi ya maegesho nani huizima usiku? Asiyejua rangi ya gari, hoteli yake inafutwa kwenye karatasi.

Alipanga ratiba ya sekondari miaka ishirini na miwili, madarasa kumi na nane, walimu thelathini na mmoja, na hakuna mwalimu aliyewahi kujikuta na vipindi viwili kwa wakati mmoja. Alipostaafu tulidhani atapumzika. Thubutu! Mimi nikanunua gari la umeme, nikaishiwa chaji porini mara mbili, akaninyang'anya ramani. Sasa wenye magari haya mjini kwetu hawafungi safari bila karatasi yake. Kanuni yake ni kwamba gari linapaswa kula umeme wewe ukiwa umelala. Anayesubiri chaji barabarani mchana, anasema, huyo hakupanga, alibahatisha.

Mimi ni mdogo wake na, nikiri tu, mbishi. Safari hii ilikuwa ya kumpeleka mama kupasuliwa jicho. Moja lilikuwa limeshazima, la pili limebakiza ukungu. Miaka minne alitutambua kwa sauti. Daktari bingwa huja hospitali ile mara moja kwa mwaka, na zamu ya mama ilikuwa saa tano asubuhi. Tukiikosa, mpaka mwakani, na mwakani pengine kusingekuwa na jicho la kuokoa. Kilomita mia sita na ushee, kulala njiani mara moja, na baada ya pale tulipolala hakuna pa kuchajia mpaka hospitali.

Dada alichagua hoteli moja nyuma ya karakana ya matrekta, mapazia yamepauka, ngazi nyembamba. Mimi nikaona nyingine mbele kidogo, ina bustani. Nikapiga simu mapokezi, nikajibiwa ipo, karibuni sana. Nikamwambia dada kwamba mama anastahili kitanda kizuri walau siku ile. Alinitazama, akasema sawa. Dada yangu kusema sawa! Nilipaswa kushtuka pale pale.

Tulifika saa kumi jioni. Mtambo wa chaji ulikuwepo kweli, ukutani, umetundikwa mpira wa kumwagilia maua. Mtunza bustani alinieleza kwa upole kwamba tangu aajiriwe hajauona ukiwaka. Bibie wa mapokezi naye hakuwa na ubaya, ila kwake kumwambia mgeni hapana ni kukosa adabu. Betri ilikuwa na asilimia kumi na moja. Mama akauliza kutoka ndani ya gari mbona tumenyamaza. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

"Geuza gari," dada akasema. "Kule nyuma sikufuta vyumba. Fundi anatusubiri."

"Chaji itatufikisha?"

"Nilikuhesabia kilomita thelathini za ubishi. Kuja ni kumi na nne, kurudi kumi na nne. Mbili nimekuachia."

Nilikasirika, tena sana, maana hakuna kinachouma kama kupangiwa hata ukaidi wako. Lakini niligeuza. Fundi alikuwa amesimama langoni na waya begani. Alfajiri betri ilikuwa imejaa pomoni, na saa tatu na nusu tulikuwa kwenye benchi la hospitali, mama katikati yetu, tunasubiri aitwe.

Kesho yake muuguzi alimfungua bandeji. Mama alipepesa, akanitazama mimi, akasema nimenenepa. Kisha akamgeukia dada, akamtazama kwa muda mrefu, akanyoosha mkono akagusa mvi zake.

"Umezeeka, mwanangu," akasema. "Na hukuniambia."

Dada aliketi ukingoni mwa kitanda akalia kama mtoto. Mama hakumwambia anyamaze. Alimshika kidevu, akamwinua uso kuelekea dirishani ili amwone vizuri.