Teatre ya bure Kanada, na sindano iko wapi?

Sasa hivi Neema wangu amevaa buti mwenyewe, ya kushoto kaiweka kulia, amesimama mlangoni: "Mami, let's go!"

Twende wapi? Mimi bado sijakubali!

Bon, ni hivi. Mama Furaha wa kanisani amepata tiketi za bure. Kule Toronto kuna kundi linacheza teatre, michezo ya kuigiza, kwa Kifaransa msimu mzima. Leo gari lake lina nafasi yetu.

Bure?

Jamani, sisi tuliotoka kambi ya wakimbizi tunaijua teatre ya bure. Unacheka, unacheka, halafu mwishoni nesi anatokea na sindano ya chanjo, watoto wote mstari!

Nikamuuliza: "Mama Furaha, mchezo ukiisha nani anaongea?"

"Hakuna. Unapiga makofi, unavuka mpaka, unarudi nyumbani Buffalo."

"Na sindano?"

Amecheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Donc, yaani hajajibu!

Lakini Kifaransa… niliacha shule nikikipenda. Natamani sana.

Nyie wa kambini mlioko Louisville na Columbus, huku Marekani, mlishaenda teatre kama hii? Niambieni haraka, maana Neema nimemvalisha masweta matatu, ili huyo nesi akitokea asiupate mkono, na kama

Ngoja, Mama Furaha ananiita, anasema gari linaondoka!