Sahani ya Tatu

Nakumbuka adhuhuri moja ya kiangazi pale Mwadui, mwanangu, nikiwa likizo nyumbani. Baba alikuwa amelazwa kitini na maradhi ya kifua, nami nimepakata kompyuta kando yake. Ujana wake wote aliumaliza mgodini, akichambua almasi kwa mkono. Mimi nilikuwa nikichambua nyota, na nilidhani kazi zetu hazijuani.

Nikueleze taratibu, maana hata mimi nilielezwa. Darubini hupiga picha eneo lilelile la anga, tena na tena. Kompyuta hulinganisha picha ya jana na ya leo, ikabakiza kilichobadilika tu. Vinabaki vidoa maelfu, na karibu vyote ni uchafu: setilaiti iliyomeremeta, kasoro ya kamera. Vichache mno ndivyo nyota zilizolipuka, na mwanga wa baadhi yazo hufifia kwa saa chache tu. Macho ya mtu hayawezi kuvimaliza. Kwa hiyo tunaifundisha mashine kwa mifano tuliyoichambua wenyewe: hii nyota, huu uchafu.

Baba alinyoosha kidole kwenye kioo. “Na hiki?”

“Sijui, Baba. Nakitia kwenye uchafu.”

“Hukijui, halafu unakitupa?”

“Mashine inajua mawili tu, ndiyo na hapana. Vyenye shaka vitaichanganya.”

Akacheka mpaka akakohoa. “We Kabula! Mashine ya watu umeinyima neno moja. Sisi mezani tulikuwa na sahani tatu. Ya almasi, ya kokoto, na ya ngoja kesho. Jiwe la shaka lililala humo, asubuhi likaangaliwa na mwenzako, siyo wewe. Macho yaliyochoka hayajirekebishi.”

“Baba, zile zilikuwa kokoto. Hii ni sayansi.”

Hakunikemea. Laiti angenikemea! Alivuta shuka, akasema, “Haya. Ukiipata hiyo nyota uniambie. Nataka kujua nimesomesha nini.”

Nikarudi kazini. Mashine ikahitimu vizuri, nikasifiwa. Kila Jumapili jioni Baba alipiga simu, na kabla hata sijamaliza shikamoo, aliuliza, “Imepatikana?” Nami, “Bado, Baba.” Naye, “Wabeja,” ndiyo asante yetu Wasukuma, kana kwamba nimempa kitu.

Jumapili ya mwisho sauti yake ilikuwa nyembamba. “Imepatikana?”

“Hakuna kitu, Baba.”

“Wabeja, mama.”

Alhamisi tukampoteza.

Baada ya matanga, mwenzangu mmoja aliniomba nipekue vilivyotupwa na mashine, kuhakiki tu. Humo nikakuta kidoa kidogo, chenye umbo lilelile la vile nilivyovitia kwenye uchafu kando ya kiti cha Baba. Nikatazama tarehe. Ilikuwa Jumapili ile ya mwisho. Mashine ilikiona asubuhi, ikakitupa kama nilivyoifundisha.

Tuliomba darubini nyingine itazame pale. Palikuwa peusi. Hapakuwa na picha ya pili, na kwa picha moja hakuna anayeweza kuapa. Mwanangu, hata leo sijui kama ile ilikuwa nyota. Kama ningekuwa na sahani ya tatu, mtu angeitazama tena mchana uleule kwa darubini ya nchi yenye usiku, na jioni ningekuwa na jibu, liwe ndiyo au hapana. Baba angelipokea lolote. Majuto ni mjukuu, wangu ninaye mpaka sasa, namlea.

Sikukatishi tamaa. Kazi hii unayoianza ni nzuri, na wewe una akili kunizidi. Ila unapoifundisha mashine, ifundishe pia kusema sijui, na kila inaposema hivyo, mwite mwenzako atazame mapema, kabla mwanga haujaondoka. Usione haya kwa alama za mashine zitakazopungua. Na mzee wako akikuambia jambo la kokoto, usimjibu la sayansi; muulize walifanyaje. Siku hizi mashine zetu zina sahani tatu. Ya tatu niliiweka mwenyewe, nikiwa nimechelewa.

Mungu akulindie macho yako, akupe na mwenzako wa kukusahihisha. Na siku utakapoipata nyota yako, mwanangu, akujalie simu ipokelewe upande wa pili.